Nani anamlipa Simba?

Swali: "Niko Kiamunyi, Nakuru. Tuna mbwa anaitwa Simba, chotara wa German Shepherd mwenye miezi 14. Tulimleta akiwa na wiki 8. Watoto wakirudi kutoka shule saa kumi anawarukia mpaka yunifomu inajaa matope, na mwezi uliopita alimwangusha shosho aliyekuja kututembelea. Mchana kutwa anabweka getini, kila boda boda ikipita anakimbizana nayo kando ya ua. Wiki jana geti liliachwa wazi, akamfuata mtu wa boda na kumrarua suruali. Hakumjeruhi. Mume wangu anasema mbwa huyu anataka kuwa mkubwa wa boma, na dawa yake ni mnyororo mchana kutwa, afunguliwe usiku. Jirani anasema tumtilie pilipili kwenye ugali awe mkali wa maana. Mimi nataka tu wageni waingie kwangu bila hofu. Tumfunge, au tumpe mtu? Na lile bango la Mbwa Kali tuling'oe?"

Jibu: Dada, pole kwa yaliyompata shosho. Na kama hamjamlipa yule mtu wa boda suruali yake, mlipeni leo kabla hujasoma zaidi. Watu wa boda wakishamchukia mbwa wako, kila atakayepita atamrushia jiwe, na kazi yote nitakayokueleza hapa itakuwa bure.

Jibu fupi ni kwamba msimfunge, msimpe mtu, na pilipili ibaki jikoni. Jibu refu linaanza na swali ninalomuuliza kila anayeniita nyumbani kwake: huyu mbwa analipwa na nani?

Mbwa hurudia kilichomlipa na huacha kisichomlipa. Edward Thorndike, kijana wa Marekani, alilionyesha jambo hili mwaka 1898 akitumia paka. Alikuwa akimfungia paka mwenye njaa ndani ya kisanduku, samaki akiwa nje. Paka angekwaruza huku na huku mpaka kwa bahati aguse kamba au kitasa, mlango ufunguke, ale. Kesho yake alitoka upesi zaidi, keshokutwa upesi kuliko jana. Hakuna paka aliyeketi akawaza. Kila mmoja alibaki na lile lililomfungulia mlango. Simba wako ni hivyo hivyo, ila kisanduku chake ni boma lenu, na mnaomfungulia mlango ni ninyi.

Asubuhi moja keti barazani na chai yako umtazame. Boda inasikika kwa mbali ikipanda kutoka barabara ya lami. Masikio yanasimama. Ikifika kona, Simba anatoka mbio, kifua karibu kigonge chini, anabweka sambamba nayo tangu getini mpaka mwisho wa ploti. Boda inapotea. Anasimama, anajikung'uta, anakojolea shina la kayaba, kisha anarudi polepole kama askari aliyemaliza zamu. Akilini mwake boda ameifukuza. Hana habari kwamba ilikuwa inakwenda zake. Tuseme kwenu zinapita 40 kwa siku: basi ameshinda mara 40, bila kushindwa hata moja. Nionyeshe mtu ambaye angeacha kazi yenye matokeo hayo.

Kwa watoto mlipaji ni mwingine. Mbwa anayeruka anautafuta uso wako, maana ndivyo mbwa wanavyosalimiana. Mtoto akipiga kelele amemwitikia. Akimsukuma kwa mikono, kwa mbwa huo ni mchezo. Hata "shuka!" ya hasira ni kumtazama na kumsemesha, na mbwa aliyeshinda peke yake tangu asubuhi hachagui maneno. Halafu (nakisia, lakini nimeyaona haya katika nyumba nyingi) kuna mtu mmoja hapo kwenu, pengine mzee mwenyewe, ambaye Jumamosi akiwa na nguo za shamba huacha mbwa amrukie na kumkumbatia wakacheza. Malipo ya mara moja moja ndiyo mabaya kuliko yote. Mtu anayebeti angepoteza kila siku bila kukosa, angeacha mwenyewe. Ule ushindi mmoja wa kila baada ya wiki ndio unaomrudisha. Kwa hiyo kabla ya somo lolote, kaeni kikao cha watu wote wa nyumbani, pamoja na dada anayewasaidia kazi, mkubaliane kwamba hakuna tena anayerukiwa akacheka.

Kwenye kikao hicho hicho chagueni maneno. Nimekuta nyumba ambako baba anasema "shuka", watoto wanasema "down", bibi anakemea kwa Kikuyu, na mbwa katikati amesimama kama mgeni aliyepotea stendi. Ninyi tumieni mawili tu: "keti" kwa kumwomba akae, na "vyema" kumjulisha kwamba amepatia na malipo yanakuja. Na kama kuna mtoto anayejifurahisha kumwambia "shika!" paka wa jirani akipita, mchezo huo uishe leo.

Malipo yenyewe yawe ini la ng'ombe. Nunua robo kilo, lichemshe bila chumvi wala kitunguu (kitunguu huharibu damu ya mbwa, hata kilichopikwa), likipoa ulikate vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Omena waliokaushwa wanafaa pia. Ugali hautoshi kwa kazi hii, kwa sababu anaupata bure kila jioni.

Mfundishe kabla hajala, dakika mbili au tatu, mara tatu kwa siku. Shika kipande kwa vidole mbele ya pua yake, kisha kiinue taratibu kuelekea nyuma ya kichwa. Pua ikifuata juu, makalio yenyewe yatashuka chini. Papo hapo sema "vyema" na umpe. Papo hapo, si baada ya kutafuta mfukoni: ukichelewa sekunde tatu, ameshainuka kunusa kiatu chako, na utakuwa umemlipa kwa kunusa kiatu. Usimbonyeze mgongo. Baada ya marudio 20 hivi ataanza kuketi akiuona tu mkono ukiinuka, na hapo ndipo uanze kutanguliza neno "keti". Watu wengi huanza na neno, wanalirudia mara kumi, mbwa anajifunza kwamba neno hilo ni kelele kama kelele za redio.

Akishajua kuketi mbele yako, nendeni kwa watoto, mmoja baada ya mwingine. Mfunge Simba kwa kamba ya mita mbili kwenye nguzo imara, labda ile ya tangi la maji, wewe usimame karibu. Mtoto atoke getini akitembea kumwelekea, kimya, mikono chini. Miguu ya mbele ya mbwa ikiinuka tu, mtoto ageuke arudi alikotoka, bila neno wala kumtazama. Makalio yakigusa chini, aendelee. Akifika mbwa akiwa bado ameketi, "vyema", na ini apewe chini kwenye usawa wa kidevu chake, lisiinuliwe juu.

Mwaka juzi nilifanya zoezi hili katika nyumba moja Lanet, na msichana wa miaka saba aliyekuwa anamwogopa mbwa wao kuliko mwalimu mkuu. Aligeuka na kurudi mara kumi na moja. Mara ya sita alinitazama kwa jicho la kuniambia huyu mzee hajui kazi. Mara ya kumi na mbili mbwa alimwona akitokea, akaanza kuinuka, akasita, akaketi mwenyewe bila kuambiwa, mwili mzima unamtetemeka kwa hamu, mkia unafagia vumbi. Hakuna aliyekuwa amemgusa. Msichana alimpa ini, halafu akatupa mabaki yote chini kwa furaha, jambo ambalo halikuwemo kwenye mpango wangu.

Nakutahadharisha na jambo moja, maana hapa ndipo wengi huacha. Malipo yaliyozoeleka yakikatwa, tabia huzidi kwanza kabla ya kupungua. Siku ya pili au ya tatu Simba anaweza kuruka juu zaidi, akambwekea mtoto, hata akavuta sketi. Ni kama mtu anayebonyeza swichi na stima imepotea: huibonyeza mara tano kwa nguvu ndipo aiache. Mkikubali kushindwa siku hiyo, mtakuwa mmemfundisha kwamba bei imepanda na kuruka kwa kawaida hakutoshi.

Sasa getini. Hapa mafunzo pekee hayatoshi, kwa sababu mazoezi anayofanya peke yake kutwa nzima yanafuta ya kwako ya dakika chache. Lazima kwanza umnyime uwanja. Kama geti ni la vyuma vyenye nafasi, lifunge mabati au neti nene ya kivuli tangu chini mpaka juu ya kichwa chake. Sehemu za ua ambako kayaba imekonda zibeni vivyo hivyo. Na mchana akae upande wa nyuma ya nyumba, penye kivuli na maji, nyuma ya ua wa pili, hata kama ni waya wa kuku kwenye nguzo imara. Asipoiona boda na asipoweza kukimbia nayo, ule ushindi wake unapungua siku ya kwanza.

Halafu mfundishe kwamba mlio wa boda ni habari njema. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, ndiye anayekumbukwa kwa mbwa waliotokwa na mate kabla chakula hakijawafikia, kwa kuwa ishara ya chakula ilitangulia. Unachofanya wewe ni hicho hicho. Mfunge Simba kamba, simama naye mbali kabisa na barabara, pale anapoisikia boda lakini bado anakubali kula. Mlio ukisikika, toa ini, kipande baada ya kipande, mpaka ipite. Mlio ukinyamaza, na ini linyamaze. Baada ya siku kadhaa utaona boda ikisikika anageuza kichwa kukutazama wewe badala ya kukimbilia ua. Ni kitu kizuri sana kukiona mara ya kwanza. Hapo ndipo usogee hatua tatu mbele, si kumi. Akikataa ini, usiseme ameshiba: mmekaribia mno, rudini nyuma. Na yule mtu wa boda mliyemlipa suruali, mpeni hela ya chai apite polepole mara kadhaa jioni mkiwa tayari. Wengi hukubali, na wakishamjua mbwa kwa jina huacha mawe.

Kazi hii ni ya wiki, pengine miezi. Mbwa huzoea dunia kwa urahisi kati ya wiki ya 3 na ya 14 ya maisha yake. Simba alifika kwenu wiki ya 8, na kama ni kawaida yetu, alifungiwa bandani mpaka akue. Kwa hiyo boda, mwavuli, mzee mwenye fimbo, vyote alikutana navyo dirisha likiwa limeshafungwa. Watu husema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini mbwa si samaki. Aliyekauka hukunjika pia, ila kwa ini jingi zaidi.

Wakati huo wote geti liwe na sheria moja isiyo na mjadala: hakuna anayefungua geti kubwa kabla Simba hajaingia nyuma au hajashikwa kamba. Wekeni ndoano ya pili kwa ndani, juu, mahali mtoto hafiki. Mwambieni mwenye maziwa agonge asubiri. Suruali iliraruka kwa sababu ya kitasa, na ingekuwa mguu, mngekuwa mnaongea mambo mengine kabisa.

Kuhusu mume wako na ukubwa wa boma. Mawazo hayo yana historia, na hayakuanzia kwake. Mwaka 1947 Rudolph Schenkel aliandika kuhusu mbwa mwitu (wolf kwa Kiingereza) waliofungiwa kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, jinsi walivyogombania cheo. Mmarekani David Mech aliyasambaza mawazo hayo katika kitabu chake cha 1970. Lakini Mech huyo huyo aliishi majira mengi ya joto karibu na mbwa mwitu huru kule Ellesmere, kaskazini ya mbali ya Kanada, na mwaka 1999 akachapisha kwamba kundi lao kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Hakuna uchaguzi wala mapinduzi. Wale wa Basel walikuwa wageni waliolazimishwa kuishi pamoja uani. Kwa hiyo Simba hagombei kiti cha mzee. Mwambie hivyo taratibu, baada ya chakula.

Mnyororo ndio hasa ungemharibu. Mbwa aliyefungwa anaona kila kitu, hafikii kitu, na akiogopa hawezi kukimbia. Anachobakiwa nacho ni meno. Ukimfungua usiku hatakuwa mlinzi, atakuwa mbwa aliyejaa hasira za mchana kutwa. Kamba ya dakika 15 mgeni akiingia ni jambo jingine, hiyo haina neno. Pilipili nayo humwasha mdomo na tumbo, basi. Ukali unaouona baada yake ni maumivu.

Na hapa nikiri kosa langu. Nilipoanza kazi hii nilifundishwa kumpiga mbwa puani kila akinguruma. Nilikuwa na dume mmoja, mweusi, anayenguruma mtu akikaribia sufuria yake. Nilimpiga wiki nzima, akanyamaza, nikajisifu. Wiki ya tatu niliinama kuchukua sufuria, akanishika kiganja bila mlio wowote. Kovu bado ninalo chini ya kidole gumba. Sikuwa nimemwondolea hasira, nilikuwa nimeng'oa kengele ya mlango. Simba akinguruma, rudi nyuma, tulia, ujiulize kimemsumbua nini, kisha upange mazoezi ya kitu hicho. Usimwadhibu kwa kukuambia.

Mume wako ana wasiwasi mmoja wa haki: je, akiwa mpole nani atalinda? Mbwa mwenye adabu hulinda vizuri zaidi, kwa sababu kubweka kwake kuna maana. Simba wa sasa hubweka mara 40 kwa siku, na usiku mwizi akija nani ataamka? Mkubaliane abweke mara tatu nne, mtu atoke atazame, aseme "vyema, njoo," na amlipe kwa kuja. Mfundisheni pia kula kutoka sufuria yake au mikononi mwenu tu, maana mwizi wa siku hizi hutanguliza nyama yenye sumu.

Mengine haraka haraka. Mtembezeni kwa kamba alfajiri, hata nusu saa, na anuse kila mti anaoutaka. Mara moja moja mwageni chakula chake kwenye nyasi akitafute kwa pua, kitamchosha kuliko kukimbia. Kumhasi kunapunguza uzururaji, lakini hakumfundishi kuketi. Na chanjo ya kichaa cha mbwa isipite mwaka. Mpango wa taifa wa mwaka 2014 unataka Kenya isiwe na mtu anayekufa kwa ugonjwa huu ifikapo 2030, na njia yake kuu ni kuchanja mbwa kama Simba. Siku jino likipenya ngozi ya mtu yeyote, hata mwanao, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha moja kwa moja hospitali, iwe mbwa amechanjwa au la.

Lini umpe mtu? Akishamtoboa mtu ngozi, au akianza kuwakodolea watoto macho huku mwili umekakamaa, usisubiri wala usijaribu haya peke yako. Anza na daktari wa mifugo, kwa kuwa sikio lenye usaha au jino bovu hugeuza tabia ya mbwa kwa usiku mmoja, kisha mwalimu wa mbwa aje amwone kwa macho. Hata hapo usimpe mtu bila kumweleza yote.

Bango liacheni. Mwalimu wa Kiswahili angewasahihisha muandike Mbwa Mkali, lakini Kenya nzima imeshazoea hivyo. Chini yake ongezeni: GONGA, USUBIRI. Na kwa ndani ya geti tundikeni kopo la omena lenye kifuniko kinachobana, juu kidogo ya kichwa cha mtoto. Mgeni akisharuhusiwa kuingia, achukue wawili, aseme "keti", asubiri makalio yaguse chini. Shosho ndiye awe wa kwanza, akiwa kwenye kiti, Simba akiwa kwenye kamba.